Femton

Watoto wetu hapa Tensta wakihesabu kwa Kiswidi husema "femton", yaani 15. Ndugu yake wa Kidenmark, "femten", ndiye aliyezaa "femto": sekunde iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 15. Kwa mimweko ya leza inayopimwa hivyo, Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, alichungulia molekuli zikivunjika. Mmweko wa kwanza huivunja. Wa pili, ukicheleweshwa kidogo, huikagua ilipofika. Mwaka 1987, huko Caltech, Marekani, yeye na wenzake walipima sianidi ya ayodini ikikatika: femtosekunde 200 hivi. Kope haijaanza hata kushuka!

Tarehe 10 Desemba 1999 alikabidhiwa Nobel ya kemia hapa Stockholm. Mwanangu alizijua karamu na nguo za malkia. Kwamba mshindi huyo alisomea Alexandria, alisikia kwangu.