Deni la Ardhi

Wahenga walisema kwamba kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hiyo husemwa juu ya mtu mmoja na mfuko wake. Lakini katika historia ya nchi yetu ulikuwako wakati ambapo maelfu ya watu waliingia katika arusi hiyo kwa siku zile zile, na matanga yake yakadumu miaka mingi. Nataka, msomaji kijana, nikusimulie habari za familia zilizopata mashamba kwa mkopo katika miaka ya kupatikana kwa uhuru wa Kenya. Vitabu vingi vitakueleza habari za bendera, mikutano na mawaziri. Yafaa ujue pia habari za jikoni, zizini na kondeni, kwa kuwa huko ndiko uhuru ulikopimwa kwa shilingi na senti.

Kwanza tutazame chanzo cha jambo lenyewe. Tangu sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915, sehemu kubwa ya nyanda za juu zenye mvua na udongo mzuri ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliweza kufanya kazi huko, bali hakuweza kumiliki. Hasira iliyotokana na jambo hilo ilikuwa moja ya sababu kubwa za vita vya Mau Mau na za Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba, 1952. Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka 1960, watu wengi hawakuwa na pa kulima. Wengine walitoka vizuizini, wengine vijijini walikokusanywa kwa nguvu, na wengine walikuwa vibarua waliofukuzwa mashambani. Wakati huo huo walowezi wengi walitaka kuuza mashamba na kuondoka, kwa sababu waliona kwamba utawala wa Waafrika umekaribia.

Ndipo ukaja mpango wa mwaka 1962 uliojulikana kama mpango wa eka milioni moja. Serikali ilinunua mashamba makubwa kwa wenyewe, ikayakata vipande, ikawagawia wananchi. Watu waliyaita makao hayo mapya skimu. Skimu zilienea Kinangop na Ol Kalou upande wa Nyandarua, Sotik, Muhoroni, Lugari, na mahali pengi pengine. Hadi kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, familia zipatazo 35,000 zilikuwa zimepata makao kwa njia hiyo, katika eneo lililozidi eka milioni moja.

Sasa sikiliza neno lililo moyo wa habari hii. Ardhi ile haikutolewa bure. Serikali ilipata fedha za kuinunulia kutoka Uingereza, Benki ya Dunia na wengine, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo. Kwa hiyo mwananchi naye alipewa shamba kwa mkopo. Deni la ardhi lilipaswa kulipwa katika miaka 30, kwa riba ya asilimia sita na nusu. Juu yake kulikuwa na mkopo wa pili wa maendeleo, wa kununua ng'ombe, mbegu na nyaya za ua, uliopaswa kulipwa katika miaka 10. Hati kamili ya kumiliki shamba haikutolewa mpaka deni limalizike.

Chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu pamoja. Tuseme mtu amekopa shilingi 5,000 kwa masharti yale ya ardhi. Hiyo ni mfano wa hesabu tu, maana mashamba yalitofautiana. Akilipa kiasi kile kile kila mwaka, atatoa karibu shilingi 383 kwa mwaka. Katika mwaka wa kwanza, shilingi 325 zitakwenda katika riba, na shilingi 58 tu ndizo zitakazopunguza deni. Akilipa bila kukosa hata mara moja, mwisho wa miaka 30 atakuwa ametoa karibu shilingi 11,490. Yaani amelipa shamba moja zaidi ya mara mbili. Na wenye mpango walikusudia kwamba baadhi ya familia, zikiisha kula na kulipa deni, zibakiwe na pauni 25 kwa mwaka, ndizo shilingi 500. Nyingine zilipangiwa pauni 40 au 70. Katika baki hiyo ndimo zilimopaswa kutoka nguo, chumvi, mafuta ya taa, dawa, na karo ya watoto.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba watu waliulizana: Je, ni haki mtu kununua kile alichonyang'anywa babu yake? Swali hilo liliwagawanya hata viongozi waliokuwa wamefungwa pamoja. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1953, alidai kwamba wasio na ardhi wapewe bure, hasa wale waliopigania uhuru. Kwa kushikilia neno hilo alipoteza cheo chake cha waziri mdogo mwaka 1964, na mwaka 1966 akajiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha upinzani. Serikali ya Kenyatta kwa upande wake ilijibu kwamba mapatano ya uhuru yalilinda mali ya kila mtu, kwamba nchi changa isiyolipa madeni yake haitakopeshwa tena, na kwamba uhuru maana yake ni kazi, wala si vya bure. Msomaji, usifanye haraka kuchagua upande. Pima kwanza, maana kila upande ulikuwa na uzito wake. Lakini familia iliyokwisha kutia alama ya kidole katika karatasi ya mkopo haikuwa na nafasi ya kungoja wakubwa wapatane. Tarehe ya kulipa ilikuja, hoja ikimalizika au isimalizike.

Maisha ya nyumba hizo yalikuwaje? Twaa mfano wa Kinangop, mahali penye baridi kali na ukungu wa asubuhi. Familia nyingi zilitegemea vitu vitatu: maziwa, viazi na pareto. Pareto ni ua jeupe linalofanana na jua dogo, na ndani yake mna sumu ya kuua wadudu isiyomdhuru sana mwanadamu. Katika miaka hiyo Kenya iliongoza dunia nzima kwa kulikuza. Maua yake huchumwa kwa mkono, moja moja, na baada ya majuma machache shamba hurudiwa tena. Kazi hiyo ilikuwa hasa ya akina mama, na watoto waliwasaidia kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Ng'ombe walikamwa alfajiri, maziwa yakapelekwa barabarani kabla gari halijapita. Aliyechelewa alirudi na maziwa yake, na deni halikuuliza sababu.

Mazao yaliuzwa kwa njia ya chama cha ushirika, na malipo yalipitia humo. Mara nyingi makato ya mkopo yalitolewa kwanza, kisha mkulima akapewa kilichosalia. Njia hii ilikuwa na faida, kwa kuwa ilimkinga mtu na tamaa ya siku ya sokoni. Lakini ilikuwa na kasoro moja iliyozua maneno katika nyumba nyingi. Jina lililoandikwa katika kitabu cha ushirika kwa kawaida lilikuwa la baba, ilhali mikono iliyochuma maua ilikuwa ya mama. Mama aliyetoka kondeni mgongo ukimuuma hakujua daima ni shilingi ngapi zilizolipwa, wala zimekwenda wapi. Penye nyumba ambamo mume na mke walikaa pamoja wakahesabu, deni lilikuwa mzigo wa wawili, na mzigo wa wawili huchukulika. Penye nyumba ambamo baba alihesabu peke yake, au alihesabu njiani akipita kilabuni, shamba lilianza kupotea kabla ya barua yoyote ya Serikali kufika.

Tena kulikuwa na mashindano baina ya deni na shule. Wazazi wengi wa skimu walikuwa wamekosa masomo, nao waliapa kwamba watoto wao hawatayakosa. Mwezi wa Januari ulipofika, shilingi zile zile ziliitwa na wawili, mwalimu na mwenye mkopo. Wengi walilipa karo kwanza. Waliona kwamba shamba laweza kungoja mwaka mmoja, lakini mtoto akingoja mwaka mmoja amepitwa. Mkaguzi wa hesabu aliwaita wadeni wabaya. Sijui, msomaji, kama wewe ungewaita hivyo, nawe leo umekaa darasani kwa sababu mzazi fulani, wa kizazi fulani, alichagua vivyo hivyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na watu wa skimu hawakuisahau methali hiyo. Walikuwa wametoka vijiji mbalimbali, hata jirani hakumjua jirani yake, lakini walikuja na desturi za kwao. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba walikuwa na mwethya. Maana yake ni moja: leo twalima kwako, kesho twalima kwangu, na hapana anayelipwa fedha. Kwa desturi hiyo mjane aliweza kupanda kabla ya mvua kupita, na mgonjwa akaamka akakuta konde lake limepaliliwa. Katika miaka hiyo ya 1960 akina mama wa sehemu za kati za nchi walianzisha pia vyama vya mabati. Kila mmoja alitoa fedha kidogo kwa zamu, na fedha zilizokusanyika zikanunua mabati ya nyumba ya mwenzao mmoja, kisha ya mwingine, mpaka wote wakaezekewa. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo hapakuwa na riba ila heshima, wala hapakuwa na dhamana ila kujuana.

Walakini msaada wa jamaa ulikuwa na pande mbili. Mtu aliyepata shamba alihesabiwa kwao kuwa amepata utajiri. Ndugu walikuja na watoto wao, binamu wakaja kutafuta mahali pa kujenga, na hakuna aliyeweza kuwafungia mlango bila kujiaibisha. Walileta mikono ya kufanya kazi, lakini walileta na vinywa. Hesabu za wenye mpango zilikuwa zimemfikiria mume, mke na watoto wao. Hazikumfikiria nyanya, wala mpwa yatima.

Mashauri nayo yalitolewa kwa wingi. Bwana shamba alifundisha namna ya kuogesha ng'ombe na nafasi ya kupandia. Ofisa wa ushirika alieleza hesabu. Chifu aliita baraza na kuwahimiza watu walipe. Mashauri mengi yalikuwa mema, na waliofuata walipata maziwa zaidi na magunia zaidi. Lakini shauri jema halileti mvua. Ukame wa mwaka 1965 ulipokuja, mahindi yalipungua nchini, na chakula kikaletwa kutoka ng'ambo. Ng'ombe wa gredi, ambao hawakuzoea taabu kama ng'ombe wa kienyeji, walikufa, na mkopo wao haukufa. Mtu akawa analipia ng'ombe ambaye ngozi yake ilikwisha kuuzwa.

Kwa sababu hizo zote, malimbikizo ya madeni yalikua upesi. Serikali ilipeleka barua za onyo, na baadhi ya watu waliondolewa mashambani. Lakini haikuwezekana kuwaondoa wote waliochelewa, kwa maana walikuwa wengi mno, na kumwondoa mtu katika ardhi aliyoingoja tangu utoto wake ni kuamsha ugomvi ule ule ambao mpango ulikusudiwa kuuzima. Basi zikapita zile barua, familia zikaendelea kulima na kulipa kidogo kidogo. Nyingine zilimaliza na kupata hati zao. Nyingine zilirithisha watoto shamba pamoja na deni lake, na miaka 30 ikapita kabla halijaisha.

Tuseme nini juu ya habari hii? Wako wasemao kwamba mpango ulifaulu, kwa kuwa watu walipata makao na nchi haikuingia vitani tena. Wako wasemao kwamba ulishindwa, kwa kuwa walioporwa waliuziwa, na maskini wengi hawakupata hata nafasi ya kukopa. Mimi naona kwamba ukitaka kuupima sawasawa, hapana budi usiishie katika vitabu vya Serikali vinavyoonyesha nani amelipa na nani hajalipa. Vitabu hivyo havionyeshi maua yaliyochumwa katika ukungu, wala shilingi iliyotolewa kwa bati la jirani, wala usiku ambao mume na mke walikaa wakigawa fedha isiyotosha.

Dawa ya deni ni kulipa, na watu wale walilijua hilo kuliko wengi wanaolisema. Lakini walijua pia kwamba mtu hulipa vizuri zaidi akiwa na mke anayejua hesabu, na jirani anayekuja na jembe, na mshauri anayesema kweli, na mkopeshaji anayekumbuka kwamba mvua haitiwi sahihi. Ukipita siku moja katika nchi ile ya Nyandarua, ukaona boma, zizi na nyumba ya mabati, muulize mzee wa hapo kwa adabu ilikuwaje alipolipata shamba. Kisha ukae usikilize, maana huenda akaanza na habari za mama yake.