Kukopa, Kuazima, Kufuliza

Anayejifunza Kihispania huchanganywa mapema na kitenzi prestar. Maana yake ni kukopesha, si kukopa. Mkopaji husema pedir prestado, yaani kuomba akopeshwe. Mimi nikikutana na jozi hiyo nawaza Rodi Kopany, pale barabara ya Homa Bay kwenda Rongo inapokutana na ile ya Ndhiwa, maana huko mkanganyiko huu una historia yake.

Kwa Kidholuo, holo ni kukopa na pia kukopesha. Ili ueleweke, lazima useme nani amempa nani. Na usicheke, Kiswahili nacho kina kuazima. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inakipa maana zote mbili. Tofauti kubwa kwa wasemaji ilikuwa nyingine: ukiazima jembe, unarudisha jembe lilelile, ukikopa shilingi mia, hakuna anayengoja noti ileile.

Kwa jembe au ng'ombe, mambo yalikwenda. Kitu chenyewe kilionekana, na jirani alijua ni cha nani. Kisha ukoloni ukaleta kodi ya nyumba na pesa ya kuilipa: kwanza rupia, 1920 florini, 1921 shilingi. Ng'ombe ana rangi na pembe, lakini shilingi zote zinafanana. Hapo ndipo silabi moja ilipata uzito: kukopa, kukopesha. Ukiikosea mbele ya karani, mdai anageuka mdaiwa.

Halafu simu ikaingia. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza ikafuata Januari 2019. Kufuliza ni kitenzi cha zamani. Maana yake ni kuendelea bila kukoma. Hakikuwa na habari ya deni hata kidogo. Leo kijana pale stendi ya Rodi anasema tu, "Nimefuliza," na kila mtu anaelewa salio lilikuwa limeisha.

Sikiliza hiyo sentensi vizuri. Holo ilikulazimu umtaje mwenzako. Kukopa kunakufanya uulizwe, "Kwa nani?" Kufuliza hakuna anayeuliza. Mkopeshaji ametoweka kwenye sarufi, lakini ada inahesabiwa kila siku, na pesa ikiingia tu, yeye ndiye wa kwanza kuichukua.

Kwa hivyo ukifuliza leo, jiambie pia kwa lugha ya kale: nimekopa, na kuna anayenidai.