Kilima Kilichounguza Grisi

Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye breki ya kukanyaga nyuma anazijua tabia zake. Haina waya wala kishikio. Unarudisha pedali nyuma, vyuma vilivyomo ndani ya habu vinasuguana, gurudumu linashika. Mtaani kwetu fundi aliifungua habu ya namna hiyo juu ya gazeti kuukuu, akazihesabu gololi moja moja, akazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akajaza grisi mpya kwa kidole. Ukiondoka hapo, ulikuwa umemaliza habari ya habu kwa mwaka mzima au zaidi. Huko Marekani kuna kilima ambako kazi hiyo ilibidi ifanywe kila baada ya mteremko mmoja, na mbio za baiskeli za mteremko tunazozijua leo zimetokea hapo.

Kilima chenyewe kiko juu ya mji mdogo wa Fairfax, kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco. Njia ni barabara ya vumbi na kokoto iliyochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto, ina urefu wa kilomita 3 na ushei, na inashuka karibu mita 400. Miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wakiokota au kununua kwa bei ya kutupa baiskeli za zamani, hasa Schwinn Excelsior zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakazivua vikinga matope na kila kisichohitajika, wakabaki na fremu nzito na matairi manene. Walipoziteremsha, breki zilipata moto kiasi kwamba grisi iligeuka moshi. Wakifika chini habu zilikuwa kavu, lazima zifunguliwe na kujazwa upya. Kwa sababu hiyo njia ile wakaiita Repack, yaani kujaza tena.

Ubishi wa nani ana kasi kuliko wenzake ulikuwa hauishi. Ili kuukata, Charlie Kelly, ambaye riziki yake ilikuwa kubeba na kufunga vyombo vya bendi ya Sons of Champlin, aliandaa mbio tarehe 21 Oktoba 1976. Saa mbili ziliwekwa sawa, moja ikabaki juu na nyingine ikapelekwa chini, na kila mtu akaachiwa peke yake apambane na wakati. Siku hiyo wote walianguka isipokuwa mmoja, Alan Bonds, na ndiye aliyeshinda. Napenda kwamba historia ya mchezo huu inaanza na mtu aliyeshinda kwa kutoanguka.

Kelly aliishi nyumba moja na Gary Fisher, mwendesha baiskeli za barabarani ambaye miaka ya 1960 alizuiwa kushindana kwa sababu ya nywele zake ndefu. Fisher aliitia gia na breki za ngoma ile Schwinn yake, ili iweze kupanda kilima kama ilivyoweza kukishuka. Hakuwa wa kwanza kuwaza gia: mwaka 1974 vijana wa Cupertino, waliojiita Morrow Dirt Club, walikuwa wamefika Marin na baiskeli za matairi manene zenye gia. Wende Cragg, mwanamke aliyeteremka pamoja nao, alibeba kamera, na bila picha zake tungekuwa na masimulizi matupu.

Fremu za zamani hazikuumbwa kwa kazi hiyo, zikawa zinapinda na kuvunjika. Kelly akamwagiza Joe Breeze amuundie mpya. Breeze alijua kuchomelea fremu za barabarani, na mwaka 1977 alimaliza Breezer ya kwanza, akaipanda mwenyewe na kushinda nayo Repack. Ilikuwa baiskeli ya kwanza ya milimani iliyoundwa upya yote, bila kifaa hata kimoja chakavu. Akaunda kumi. Mwaka 1979 Tom Ritchey alikuwa akichomelea fremu, na Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuziuza. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper kutoka kiwandani, na kilichokuwa cha wachache kikaingia madukani.

Miaka iliyofuata haina haja ya kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1990 mashindano rasmi ya kwanza ya dunia yalifanyika Durango, Colorado. Upande wa mteremko Greg Herbold wa Marekani alishinda kwa wanaume na Cindy Devine wa Kanada kwa wanawake. Herbold alikuwa na uma wa mbele wenye shokapu za RockShox, na baada ya hapo kushindana na uma mgumu kukawa kujitesa tu.

Shokapu ndizo zilizomrudisha fundi katikati ya mchezo. Mtazame siku ya mazoezi. Anamwambia mpanda avae kila kitu, kofia inayofunika uso, ngao za magoti, viatu, kisha asimame juu ya pedali bila kutikisika. Pete ndogo ya mpira inasukumwa hadi mwanzo wa bomba la shokapu. Mpanda anashuka taratibu, fundi anapima umbali ambao pete imesukumwa. Kwa baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma lina mwendo wa milimita 200, uzito wa mtu peke yake unatakiwa uizamishe shokapu kama theluthi moja ya mwendo wake. Ikizama mno, anaongeza upepo au anabadilisha springi. Isipozama vya kutosha, anapunguza. Baadaye anarekebisha kasi ya shokapu kurudi juu, kwa sababu ikirudi haraka baiskeli inamrusha mtu, na ikichelewa inakuwa bado imebonyea jiwe la pili linapofika. Matairi hayana tyubu. Ndani mna majimaji yanayoziba matundu yenyewe. Upepo hupunguzwa ili tairi likumbatie mawe, lakini ukizidisha kupunguza, rimu inagonga mwamba. Mahesabu hayo yote yanaanza upya njia ikinyeshewa mvua.

Hata hivyo chombo hakitoshi. Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, Mmarekani Aaron Gwin alikatikiwa na cheni pale pale alipoanza. Hakuweza tena kupiga pedali. Alishuka kwa kuulalia mteremko, akigusa breki pale tu ilipomlazimu, na akashinda. Kwangu mimi huo ndio mteremko bora uliowahi kushindaniwa.

Bara letu nalo limo humu. Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalifanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mji aliozaliwa Greg Minnaar. Tairi lake la nyuma lilipata pancha karibu na mwisho, naye akavuka mstari mbele ya watu wa kwao akiwa bingwa kwa tofauti isiyofika nusu sekunde. Kufikia 2021 alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara nne.

Mbio za Repack zilikoma 1984. Breezer ya kwanza iko katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, Washington. Muda bora uliowahi kuandikwa kwenye mbio hizo ni wa Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze anamfuata kwa sekunde 2.