Maneno ya Wazazi: Historia Fupi ya Istilahi Zihusuzo Sindromu ya Down

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya maneno yanayotumika katika Kiswahili kumtaja mtu aliyezaliwa na hali ambayo waganga huiita sindromu ya Down, na kuonyesha jinsi maneno hayo yanavyowahusu jamaa zake wanapotaka kukutana na kusaidiana. Tumechagua kuitazama habari hii kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Huko watu wengi husema Kinyambo nyumbani na Kiswahili shuleni na zahanatini, na maandishi ya daktari huwa kwa Kiingereza. Mzazi atokaye Nkwenda au Kayanga na mtoto wake mgongoni hupita katika lugha tatu kabla hajajua mtoto ana nini. Istilahi ya Kiswahili ndiyo daraja lake, na daraja likiwa bovu, anayeumia ni mtoto.

Tuanze na maneno ya zamani. Kamusi zetu zinayo maneno kama zezeta, taahira na punguani. Neno punguani latokana na kitenzi kupungua, nalo lamwonyesha mtu kama kitu kilichotolewa sehemu yake. Maneno haya yote matatu hayatofautishi hali moja na nyingine. Mtoto aliyechelewa kusema, aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa na aliyezaliwa na sindromu ya Down wote hutiwa katika kapu moja. Tena yamekuwa matusi ya kila siku, hata watu wazima wenye akili timamu huyatumia wanapogombana. Neno lililokwisha kuwa tusi haliwezi kuandikwa katika daftari la zahanati, wala mama hawezi kulitamka mbele ya majirani zake.

Wako waliosema kwamba kosa liko katika sarufi yenyewe, kwa kuwa kiwete, kipofu, kiziwi na kichaa yamo katika ngeli ya vitu. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wamo katika ngeli hiyo, na hakuna anayelalamika. Aidha, Watanzania wasiosikia walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kwa hiari yao. Funzo tunalolipata ni kwamba heshima ya neno haimo katika kiambishi peke yake. Hutegemea pia ni nani aliyelichagua.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania lilitunga sheria mbili, moja ya ajira ya walemavu na nyingine ya matunzo yao. Neno mlemavu likaenea redioni na magazetini, nalo likasogeza nyuma neno wasiojiweza, lililokuwa likimhukumu mtu kabla hajajaribu jambo lolote. Baadaye hata mlemavu lilionekana kuutaja ulemavu kwanza na kumsahau mtu. Kwa hiyo sheria iliyochukua nafasi ya zile mbili, Sheria Namba 9 ya mwaka 2010, ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Vivyo hivyo tumetoka kwenye zeruzeru tukafika kwenye mtu mwenye ualbino. Maneno yamerefuka, lakini mtu ametangulia.

Safari hii si yetu peke yetu. Mwaka 1866 daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Earlswood, aliandika juu ya watu wenye hali hii. Akiongozwa na nadharia za rangi za wakati wake, aliwafananisha sura zao na za watu wa Mongolia, na jina hilo lisilo na msingi likatumika vitabuni kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1959 Wafaransa watatu, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza sababu yake: kromosomu ya 21 huwa tatu badala ya mbili, na hivyo jumla huwa 47 badala ya 46. Mwaka 1961 kundi la wataalamu liliandika katika jarida la Lancet kutaka jina la kale liachwe. Mwaka 1965, kwa ombi la wajumbe wa Mongolia, Shirika la Afya Duniani likaliacha. Wazazi nao walikuwa katika safari hiyo hiyo. Chama kilichoanzishwa na wazazi wa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilianza kwa kubeba jina lile la kale, kisha wenyewe wakalibadili. Huko Uingereza, Rex Brinkworth, aliyekuwa mwalimu na baba wa mtoto mwenye hali hii, alianzisha mwaka 1970 chama cha wazazi kilichotumia jina la Down tangu mwanzo.

Turudi kwetu. Msemo mtindio wa ubongo umetumika kwa muda mrefu kwa maana mbili. Shuleni ulimaanisha ulemavu wa akili kwa jumla. Hospitalini umezidi kutumika kwa mtoto ambaye ubongo wake uliumia, na ambaye viungo vyake hukakamaa au kulegea. Tofauti hii si ya wanaisimu tu. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi hupata taabu ya kusikia au ya tezi la shingo. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo, atashughulikia viungo, na hakuna atakayemkumbusha kwamba moyo wapasa kupimwa. Kutoka Karagwe hadi hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ni safari ndefu na ya gharama. Mzazi hataianza kwa ajili ya ugonjwa ambao hakutajiwa.

Hata jina sahihi lina hatari zake. Mwenye kujua Kiingereza kidogo husikia Down akadhani ni neno lenye maana ya chini, kana kwamba mtoto ametajwa kuwa duni. Yafaa ielezwe kila mara kwamba ni jina la mtu, na liandikwe kwa herufi kubwa. Vilevile twaona kwamba ugonjwa wa Down si tafsiri nzuri. Ugonjwa huweza kuambukiza au kupona, na mkunga akilitumia neno hilo, jamaa watatafuta dawa au watamtenga mtoto. Sindromu, yaani mkusanyiko wa dalili ziandamanazo, ni neno geni, lakini halidanganyi.

Liko tena jambo la jina la kikundi chenyewe. Wafasiri wengine wameandika kikundi tegemezi, bila kuona kwamba tegemezi ni yule anayemtegemea mwingine. Wengine huandika kikundi cha msaada, na msikilizaji hungoja mfadhili aje kugawa unga. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana ambacho chatosha kabisa. Wananchi wetu wanajua kuzikana, kukopeshana na kufarijiana. Basi hiki ni kikundi cha kusaidiana. Neno hilo lamwambia kila mama anayeingia kwamba atapokea, na kwamba analo la kutoa.

Jina hilo lina kazi hata mbele ya halmashauri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni za vikundi vya watu wenye ulemavu. Karagwe pia liko shirika la KCBRP, linaloendesha huduma za utengamao katika jamii. Penye milango kama hii, wazazi wanaojitaja kwa maneno yanayoeleweka hawarudishwi kwa urahisi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtindio wa ubongo uachiwe maana moja tu, na ulemavu wa akili ushike ile ya jumla. Pili, isemwe mtu mwenye sindromu ya Down, si mgonjwa wa Down. Tatu, kila istilahi ya aina hii isomwe mbele ya wazazi kabla haijachapishwa, na iandaliwe pamoja na maelezo mafupi ya Kinyambo na Kihaya. Wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa waliyatia maneno hayo katika jina la chama chao cha kitaifa, na leo hayahitaji mfasiri. Kazi yetu ni kuwapa wazazi wa Karagwe na Kyerwa neno wanaloweza kulitamka sokoni bila kuinamisha kichwa.