Buzuki ya Ugiriki Ilivyopata Uraia wa Ireland

Ukiingia baa yoyote ya Dublin wanamokutana wapigaji wa muziki wa asili, huenda ukakuta buzuki imekaa kando ya fidla na zumari, na hakuna anayeishangaa. Ila wazee waliomo humo ni wakubwa kuliko umri wa chombo hicho nchini mwao. Kabla ya miaka ya 1960 buzuki ilikuwa mali ya Wagiriki, chombo cha nyimbo za rebetiko, zilizopata nguvu Piraeus na Athens baada ya wakimbizi wa Asia Ndogo kumiminika huko mwaka 1922.

Iliyoifungulia mlango ni mandolini. Ina nyuzi 8 kwa jozi 4, nazo hukazwa kama za fidla: sol, re, la, mi. Mimi nilifunzwa fidla Mombasa, katika taarab, na nilipoishika mandolini hapa Dublin vidole vya kushoto vilijua pa kwenda. Kazi ilikuwa mkono wa kulia. Upinde wa fidla huivuta sauti upendavyo, lakini uzi wa mandolini ukishadonolewa, sauti yake hufifia upesi. Kwa hiyo wapigaji wa Ireland huliziba pengo kwa kudonoa noti 3 za haraka mahali pa noti moja ndefu. Barney McKenna wa kundi la The Dubliners, lililoanza mwaka 1962, aliufanya ufundi huo uvume kwa banjo ya nyuzi 4, akiikaza kama mandolini lakini oktava moja chini.

Hapo ndipo alipotokea mpigaji mwingine, Johnny Moynihan. Katikati ya miaka ya 1960 aliipata buzuki, akaacha ukazaji wa Kigiriki na kuiweka sol, re, la, re, karibu na ukazaji wa mandolini, ili ikae sawa na lahani za kwao. Mwaka 1966 yeye na Andy Irvine walikuwa katika kundi la Sweeney's Men. Dónal Lunny, anayepiga kwa mkono wa kushoto, akaenda mbali zaidi: alimpa kazi fundi Mwingereza, Peter Abnett, amtengenezee buzuki isiyo na mgongo wa mviringo kama kibuyu. Ilipofika mwaka 1972 Lunny, Irvine, Christy Moore na Liam O'Flynn, mpiga zumari la mfuko, wakaunda Planxty. Vijana waliosikia sahani zao walikua wakidhani buzuki imekuwapo siku zote.

Si kila mtu alifuata njia hiyo. Alec Finn wa De Dannan, kundi la Galway, alibaki na buzuki ya Kigiriki ya nyuzi 6, na hakuna aliyemwona mgeni kwa hilo.

Kilichobaki vilevile muda wote huo ni lahani. Kwa kawaida huwa na sehemu mbili, kila moja ya vipimo 8, na kila moja hurudiwa. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha lahani 1,001 za ngoma mwaka 1907. Nyingi kati ya hizo bado zinapigwa, na wapigaji wa buzuki wanazipiga bila kuzipunguzia kitu. Mbao zilichongwa upya na nyuzi zikakazwa upya; lahani haikuguswa.

Nyumbani bado tunabishana kama kinanda cha umeme kinaharibu taarab, kana kwamba fidla na akodioni zilizaliwa Mombasa au Unguja. Swali la kuuliza ni jingine: mpigaji amekinyoosha chombo kiifuate lahani, au ameikata lahani ili ienee kwenye chombo? Akifanya la kwanza, apewe nafasi. Akifanya la pili, aambiwe.