Mhandisi wa Barabara Katika Kiti cha Chuo Kikuu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Nanyala, wilayani Mbozi, kabla ya kufika Vwawa na Tunduma. Malori yenye shaba, mafuta na mbolea huipita usiku na mchana, na karibu na mpaka hulazimika kupanda juu ya mizani ya Mpemba ili uzito wake ujulikane. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairuhusu gari lizidi tani 56 pamoja na shehena yake. Asiyeijua kazi ya barabara hudhani kuwa mizani imewekwa ili kuwaudhi madereva. Aijuaye hufahamu kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kuwa ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, barabara huumia kiasi cha mara 16. Wala barabara haivunjiki siku hiyohiyo. Hubonyea kidogo ikarudi, ikabonyea tena, hata nyufa zikatokea, maji yakaingia, na lami ikang'oka.

Elimu hiyo ya kubonyea kwa barabara ndiyo iliyokuwa kazi ya Francis Gichaga, mhandisi wa ujenzi wa Kenya, aliyekuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, yaani mtendaji wake mkuu, tangu mwaka 1991 hadi 2002.

Habari za wahandisi wa Nairobi si habari za ugenini kwa msomaji wa Mbozi. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa huko mwaka 1956, na mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Nchi tatu ziligawana kazi: utabibu ulikuwa Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kwa hiyo kijana wa Tanganyika aliyetaka kusomea uhandisi katika Afrika Mashariki hakuwa na budi kwenda Nairobi, mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Wakati huo barabara ya Zambia ilikuwa imekwisha kutiwa lami kwa sehemu kubwa, kwa haraka iliyoletwa na uasi wa walowezi wa Rhodesia wa Novemba 1965, na waliohitajika kuitunza walikuwa wachache mno.

Mwaka 1979 Gichaga alipata shahada ya uzamivu papo hapo Nairobi kwa utafiti juu ya kubonyea kwa barabara za lami za Kenya. Mwaka 1988 yeye na N. A. Parker walitoa kitabu cha misingi ya uhandisi wa barabara kwa kuzingatia nchi za joto. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini halikuwa dogo. Vitabu vya Ulaya humfundisha mwanafunzi kuiogopa barafu inayoinua ardhi wakati wa kipupwe. Mwanafunzi wa Nairobi alikuwa na hofu nyingine: mvua ya wiki mbili juu ya udongo mweusi, jua linalolegeza lami, na lori lililojazwa kupita kiasi kwa kuwa mwenye mali hataki kulipia safari ya pili. Barabara ya hapa ilitakiwa kupimwa hapa, na vipimo viandikwe na mtu aliyeyaona mashimo yake.

Mwaka 1991 mtu huyo akakabidhiwa chuo kizima, akimfuata Philip Mbithi. Ilitukia kwamba mwaka huohuo Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme, alishika kiti kama hicho Dar es Salaam, katika chuo kilichokuwa kimefungwa na serikali mwaka uliotangulia. Wako wasemao kwamba serikali hupenda kuwapa wahandisi vyuo kwa kuwa huwadhania hawana siasa. Dhana hiyo ni ya ajabu. Mtu aliyewahi kupitisha barabara katikati ya mashamba ya watu huijua siasa mapema kuliko mwalimu wa siasa.

Mzigo aliopokea Gichaga ulikuwa umekwisha zidi. Mfumo mpya wa elimu, wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ulikuwa umeleta wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, juu ya wale wa mfumo wa zamani. Mabweni yalijaa, na kumbi zilizojengwa kwa mamia zikabeba zaidi. Wakati huohuo serikali, ikisukumwa na masharti ya wakopeshaji, ilikuwa ikiwataka wanafunzi wachangie karo na chakula chao. Mhandisi angesema: punguza uzito, au ongeza unene wa tabaka. Lakini Makamu wa Mkuu wa Chuo hakuwa na uwezo kamili wa kufanya hata moja. Idadi ya wanafunzi haikuamuliwa na yeye peke yake, wala fedha hazikutoka mfukoni mwa chuo. Mkuu wa Chuo alikuwa Rais Daniel arap Moi, ambaye ndiye aliyewateua makamu. Mizani ilikuwapo, lakini aliyesimama penye mizani hakuwa na ruhusa ya kulirudisha lori.

Nyufa zikatokea mahali palipotazamiwa. Mwishoni mwa mwaka 1993 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai chama chao, UASU, kiandikishwe. Serikali ilikuwa imekipiga marufuku cha kwanza mwaka 1980. Mgomo ulikokotwa miezi mingi, wakashindwa, na baadhi yao wakapoteza kazi. Februari 1997 kiongozi wa wanafunzi, Solomon Muruli, alikufa katika moto wa bweni lake kwenye Kampasi ya Kikuyu, na ghasia zikafuata. Katika mambo haya utawala wa chuo ulionekana kusimama upande wa serikali, na lawama hiyo haifutiki kwa kusema kwamba makamu aliteuliwa na Rais. Barabara haina haki ya kulalamika. Wahadhiri na wanafunzi wanayo.

Tendo lake kubwa lilikuwa jingine. Mwaka 1998 Nairobi ilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, katika mpango ulioitwa Moduli ya Pili, kama Makerere ilivyokwisha fanya mapema katika muongo huo. Fedha ziliingia, mishahara ya wahadhiri ikaongezewa nyongeza, na majengo yakapata rangi. Watu wazima waliokosa nafasi ujanani walirudi darasani jioni baada ya kazi, na hilo peke yake latosha kuutetea mpango. Hata hivyo ukumbi uleule na mwalimu yuleyule waliotumika mchana walitumika tena usiku. Mtu aliyetumia ujana wake kupima jinsi mzigo wa ziada unavyokula msingi ndiye aliyeidhinisha mzigo wa ziada, kwa kuwa msingi ulikuwa ukioza kwa njaa. Ni vigumu kuonyesha njia nyingine aliyoachiwa.

Gichaga aliondoka mwaka 2002, na Crispus Kiamba akashika nafasi yake. Mwaka 2003, baada ya mabadiliko ya serikali, UASU iliandikishwa, na Mkuu wa Chuo hakuwa tena Rais wa nchi bali Joe Wanjui. Wanafunzi wa kujilipia waliendelea kuongezeka kwa zaidi ya muongo mmoja. Kisha mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2016 ulisimamiwa kwa ukali, waliofikia alama ya kuingia chuo kikuu wakapungua karibu nusu, na serikali ikawadhamini wote waliofuzu. Madarasa ya jioni yakaanza kubaki matupu, na chuo kikabaki na madeni.