Naivasha na mstari wa 1906

Mwaka 1906 Ziwa Naivasha lilikuwa limefura. Wapimaji wa serikali ya kikoloni waliutumia ukingo wa maji wa wakati huo, futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, kuwa mpaka wa mashamba ya walowezi. Baadaye maji yakaanza kupungua mwaka baada ya mwaka, na mbele ya kila shamba ikachomoza ardhi nyeusi, yenye rutuba, isiyo na hati ya mtu yeyote. Nani ailime?

Wenye mashamba walikuwa wameunda chama chao, na mwaka 1933 kikafikia makubaliano na serikali: ardhi ile ingekuwa chini ya uangalizi wao, kulima ruhusa, kujenga majengo ya kudumu marufuku. Walikuwa wakilinda mali yao, tena katika nchi ambayo Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904 ili kuwapisha. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kanuni ya busara zaidi ya mipango iliyowahi kuwekwa kando ya ziwa hili. Ilikubali kwamba maji yaliyoondoka huenda yakarudi.

Mji wenyewe haukuhusishwa. Wakati huo Naivasha ilikuwa stesheni ya reli, ofisi za serikali na safu ya maduka ya Wahindi. Hapo mwanzo haikuwa hata ndani ya Kenya: hadi 1902 sehemu hii ilihesabiwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipita hapa ikielekea Kisumu, lakini ni Nakuru iliyonufaika zaidi, ikawa makao makuu ya walowezi, na kufikia 2021 ikapewa hadhi ya jiji. Naivasha ilibaki imebanwa na ranchi za familia ya walowezi ya Delamere upande wa kaskazini na mashamba makubwa ya ufukweni. Kuanzia 1937 ndege za Imperial Airways zilizotua majini zilikuwa zikishuka ziwani, abiria wakapumzika hotelini kisha wakasafirishwa kwa barabara hadi Nairobi. Wageni wa London waliliona ziwa kwa karibu kuliko mfanyakazi aliyelala kwenye vibanda nyuma ya stesheni.

Kilichougeuza mji ni maua. Kilimo chake kilianza kwa kiwango kikubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya Oserian ikaingia kwenye biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makumi ya maelfu ya vijana walifuata kazi kutoka Magharibi, Nyanza na Mlima Kenya. Kampuni kadhaa zilijenga nyumba za wafanyakazi, lakini hazikutosha hata kidogo. Hivyo ndivyo mtaa wa Karagita ulivyopanuka kando ya barabara ya Moi South Lake: vyumba vya mabati vilivyopangwa mistari, vyoo vya shimo karibu na visima, maji yakiuzwa kwa mikokoteni ya punda ilhali ziwa linaonekana kwa macho. Mtaa ulitangulia, ramani ikaja kuuandama. Sensa ya 2019 ilipofanyika, mji ulikuwa na watu karibu laki mbili.

Kihoto nayo ina kisa chake. Mtaa huu umekaa kati ya mji na ziwa, na ukweli ni kwamba kuna miaka mingi ambapo mtu angeweza kusimama hapo bila kushuku lolote. Maji yalishuka sana katikati ya miaka ya 1940, yakapanda miaka ya 1960, yakashuka tena, na kufikia 2009 ziwa lilikuwa limenywea kiasi cha watu kulihofia. Mnunuzi wa ploti alionyeshwa nchi kavu na alama za mipaka. Hakuna dalali aliyemtajia futi 6,210.

Baada ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kupanda, Baringo na Nakuru pamoja na Naivasha. Mwaka 2020 maji yaliingia vyumbani Kihoto, na viboko wakayafuata. Mwaka 2025 yalirudi kwa nguvu zaidi: maelfu wakahama, na boti zilizozoea kubeba watalii zikabeba magodoro na masufuria. Serikali inasema hiyo ni ardhi ya kingo za ziwa. Wenye nyumba wanauliza ni nani basi aliyewaruhusu kujenga, na swali lao ni halali. Tumekuwa na sheria ya mipango ya 1996, kisha ya 2019, na kanuni mbalimbali zinazotaja hifadhi ya kati ya mita 2 na 30 kutoka majini. Lakini mita 30 kutoka wapi, katika ziwa ambalo ukingo wake huhama? Wazee wa 1933 walipima kwa kimo cha maji yalipojaa. Sisi tunapima kwa hatua, kutoka pale maji yalipo leo.

Sasa macho yote yameelekezwa upande wa pili wa mlima Longonot, huko Mai Mahiu na Suswa, kwenye bandari kavu na eneo maalum la kiuchumi. Huko adui ni majivu ya volkano, udongo mwepesi unaokatwa na mvua moja kubwa. Aprili 29, 2024, maji yaliyokwama nyuma ya tuta la reli ya zamani huko Old Kijabe yalilipasua usiku na kukisomba kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Onyo lilikuwa limetolewa miaka sita kabla, Machi 2018, mvua ilipofukua ufa mkubwa ulioikata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Ufa ulijazwa mawe na udongo, magari yakapita, na mwaka uliofuata treni ya reli ya kisasa, SGR, ikaanza kufika Suswa.